Njia ya Misafara na Msimu wa Korona



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika juu ya kilo zilizouzwa, maghala yaliyojengwa na mikopo iliyolipwa. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za msimu mmoja tu, nao ni msimu wa masoko wa mwaka 2020, ulipoingia nchini ugonjwa wa korona. Tulipopekua madaftari ya mihutasari ya vyama vya msingi tuliona kuwa habari hizo hazieleweki vema pasipo kuitaja kwanza ile njia ya kale ipitayo katika nchi yetu. Kwani Tabora ni mji uliozaliwa na njia, na kila kilichopita njiani, cha heri na cha shari, kilipita kwetu.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikaingia Unyanyembe. Na hapa iligawanyika, tawi moja likienda Ujiji na ng'ambo ya ziwa hata Manyema, tawi jingine likielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi wake walio wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa kwetu, ambao walishusha pembe za ndovu pwani na kupandisha nguo, shanga na nyaya za shaba. Safari yenyewe haikuwa ya haraka. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ambako ndiko Tabora, tarehe 7 Novemba. Yaani zaidi ya miezi minne.

Mtu angedhani mwendo huo wa pole ungewakinga watu na maradhi, kwa kuwa mgonjwa aliyetoka pwani ama angekufa njiani ama angepona kabla ya kufika. Haikuwa hivyo. Ndui ilipokezwa kutoka kambi hata kambi kama vile mzigo unavyopokezwa kutoka bega hata bega. Kipindupindu kilipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870 na kuua watu maelfu kwa maelfu, hakikuishia pwani. Dakta Livingstone, aliyekuwa Manyema mwaka huo wa 1870, aliandika kuwa kimefika mpaka huko kwa njia ya misafara. Wala si kwamba kila baya lilitoka mashariki. Funza huyu ambaye watoto wetu bado hutolewa kwa pini, alishuka na meli iliyotoka Brazil mpaka Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872. Akatembea kwa nyayo za wapagazi kupitia Kongo na nchi yetu, na kabla karne ile haijakwisha alikwisha fika pwani ya Bahari ya Hindi. Twaweza kusema ndiye msafiri aliyeivuka Afrika yote bila kulipa hongo kwa mtemi yeyote.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Mwisho wa mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vinakwisha, homa kali ya mafua iliyokuwa inaizunguka dunia nzima iliingia Afrika Mashariki kwa meli, ikasambaa kwa reli na kwa askari na wapagazi waliokuwa wanarudi makwao. Katika Tanganyika iliua watu wengi mno.

Jambo tunalotaka wasomaji walishike katika habari hizi zote ni moja: njia haikufungwa. Haikufungwa kwa ndui, wala kwa kipindupindu, wala kwa mafua. Chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma na nguo vilipita humo, na watu wasingeweza kuishi bila vitu hivyo. Kilichobadilika ni namna ya kukutana. Wazee waliotusimulia habari za babu zao walisema kuwa msafara uliosikika una ndui uliambiwa upige kambi mbali na kijiji. Chakula kikawekwa chini ya mti, wenye kijiji wakarudi nyuma, ndipo wasafiri wakaja kukichukua na kuacha nguo pale pale.

Sasa tuje kwenye mwaka 2020. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeonekana China, katika mji wa Wuhan, mwishoni mwa 2019, nasi tukausikia redioni kama habari ya mbali. Tarehe 15 Machi 2020 abiria mmoja, Mtanzania, alishuka katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitoka Ubelgiji. Kesho yake, tarehe 16, Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, akalitangazia taifa kuwa huyo ndiye mgonjwa wa kwanza. Tarehe 17 Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule, pamoja na kusimamishwa kwa michezo na mikutano ya hadhara. Tarehe 31 Machi kikatangazwa kifo cha kwanza.

Kila mkulima wa tumbaku anajua Machi ni mwezi gani. Jani la mwisho linachumwa, mabani yanawaka moto usiku na mchana, na nyumbani kila mwenye mikono anachambua jani na kulipanga kwa madaraja. Watoto walirudi kutoka shuleni na masanduku yao, wazazi wasijue la kuwaambia. Masomo yalianza kutolewa kwa redio na televisheni, walakini katika vijiji vyetu vingi televisheni ni ya mwenye duka, na redio ni ya baba naye huenda nayo shambani. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni. Wengine walingoja mpaka tarehe 29 Juni.

Hofu kubwa ya wanachama, kwa kadiri tunavyoisoma katika mihutasari, haikuwa ugonjwa peke yake. Walihofu soko. Mkulima wetu huchukua mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake, na mkopo huo hukatwa katika mauzo. Soko likichelewa, riba haichelewi. Tena tumbaku si mahindi. Ikikaa ghalani ikipata unyevu huota ukungu, ikikauka kupita kiasi huvunjika vunjika, na daraja lake hushuka. Na juu ya hayo, jani letu huenda ng'ambo. Wanachama wakauliza katika mikutano, ikiwa watu wa ng'ambo wamejifungia majumbani, nani atakuja kununua? Katika chama kimoja mjumbe alitaka soko liahirishwe mpaka ugonjwa upite. Mwingine akamjibu kwa swali: "Utapita lini, nasi tunadaiwa lini?" Mwandishi wa muhtasari aliandika maneno hayo mawili bila kuongeza lake, nasi twamsifu kwa hilo.

Serikali haikuwafungia watu majumbani kama ilivyofanyika katika nchi nyingine nyingi. Masoko, mashamba na barabara viliendelea, na nyumba za ibada pia; Pasaka ya tarehe 12 Aprili iliadhimishwa, tarehe 17 mpaka 19 Aprili zilikuwa siku za maombi ya taifa zima, na mwisho wa mwezi huo Ramadhani ikaanza. Kwa hiyo suala letu halikuwa kama soko litakuwapo. Lilikuwa namna ya kukutana sokoni.

Asiyewahi kuliona soko la tumbaku afahamu kuwa ni shughuli ya watu kubanana. Hapo zamani, yaani kabla ya msimu huo, wakulima walifika tangu jioni, wakalala juu ya marobota yao, na alfajiri wote wakazunguka mizani. Mteuzi akipita kutaja daraja, shingo zote zilinyooshwa kusikia. Mkulima hataki kuhadithiwa daraja la robota lake. Mwaka huo vyama vilivyojipanga vema viligawa wanachama kwa vitongoji, kila kitongoji na siku yake. Kamba ilifungwa kuzunguka mizani. Ndani ya kamba waliruhusiwa mteuzi, mnunuzi, karani, wapakiaji na mwenye robota. Mlangoni liliwekwa pipa la maji lenye bomba na sabuni; penye uhaba wa mapipa vijana walitundika kibuyu chirizi, kile kidumu kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Maji yenyewe yalikuwa ya kutafuta. Siku hizi bomba la Ziwa Viktoria limefika Tabora, Nzega na Igunga, lakini vijiji vingi vilivyo mbali na bomba bado vinategemea visima na malambo, na kumwambia mama aliyebeba ndoo kutoka mbali kwamba anawe mikono mara kumi kwa siku ni neno jepesi kwa msemaji tu. Barakoa zilishonwa na mafundi cherehani wa vijijini kwa mabaki ya vitenge. Wengi walizivaa kidevuni.

Salamu zilileta mjadala wa namna yake. Kukataa mkono wa mtu katika desturi yetu ni kumtangazia uadui. Hapo ndipo akina mama wazee walipotukumbusha kuwa salamu ya kushikana mikono si ya Unyamwezi hasa. Salamu ya heshima ya kwetu ni kuinama na kupiga makofi taratibu, huku mtu akisema "Mwangaluka". Vijana waliianza kwa mzaha, kisha wakaizoea, na kwa muda wa miezi ile mtu aliyekuja ofisini alipiga makofi mlangoni kabla ya kukaa.

Mambo hayakuwa mepesi hivyo kwa madereva wa malori. Dereva aliyetoka Dar es Salaam au Kigoma alikuwa mtu wa kuogopwa. Katika vijiji kadhaa mama lishe alimwekea chakula juu ya jiwe, akarudi nyuma, naye akaacha fedha pale pale. Waliofanya hivyo hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha historia ya misafara.

Kuhusu dawa, kila nyumba ilikuwa na mganga wake. Watu walijifukiza kwa nyungu za majani ya mwarobaini, mpera, mchaichai na mkaratusi. Bei ya malimau na tangawizi ilipanda, na wafugaji wa nyuki wa Sikonge na kwingineko wakaulizwa asali na watu wasiowafahamu. Hatutaki kuwacheka walioinamia nyungu, kwani chanjo haikuwapo wakati ule popote duniani, na mtu mwenye hofu hawezi kukaa mikono mitupu. Tulichokichukia ni uvumi. Mtu akikohoa kwa moshi wa bani, jina lake lilifika kijiji cha tatu kabla hajamaliza kukohoa.

Sasa tuseme juu ya msiba, jambo ambalo mihutasari inaligusa kwa maneno machache mno. Mwezi Mei mwaka huo alifariki mzee mmoja miongoni mwa waasisi wa chama kimoja cha msingi. Aliugua homa siku chache, na ugonjwa wake haukupimwa. Kwa desturi, wanachama wote wangekwenda, wangelala matangani, wangechimba kaburi na kumbeba. Kamati ya chama iliketi usiku, ikaamua kila kitongoji kipeleke watu wawili tu, rambirambi ikusanywe na kupelekwa na mweka hazina, na matanga yasilaliwe. Mzee huyo ndiye aliyekuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu kuwashawishi wakulima wajiunge. Na siku ya kumzika walisimama watu wachache wakiwa wametengana. Watoto wake waliona kuwa baba yao amezikwa kama mgeni. Mmoja wao alirudisha bahasha ya rambirambi ikiwa haijafunguliwa, na mpaka tunaandika haya hajaingia tena katika mkutano wa chama, ingawa tumbaku yake huiuza hapo.

Sisi twaona Kamati ilitenda ipasavyo. Waliohudhuria wangekuwa mamia, wazee wengi wakiwamo, na hapana aliyejua nini kimemuua marehemu. Lakini twaona pia kuwa mtoto yule ana haki ya uchungu wake, na kwamba Kamati ilipaswa kumwendea yenyewe, si kumtuma mtu na bahasha.

Wangapi waliugua katika eneo letu, na wangapi walikufa? Hesabu ya mwisho ya taifa iliyotangazwa mwezi Mei 2020 ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hesabu hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo atakayetaka kujua mwaka ule ulikuwaje vijijini hana budi kusoma madaftari kama haya yetu: mahudhurio yaliyopungua, ajenda ya sabuni iliyowekwa mbele ya ajenda ya mbolea, orodha za rambirambi. Twaviomba vyama vyote visichome madaftari ya 2020 na 2021 wakati wa kusafisha ofisi. Chama kimoja kimekwisha liwa na mchwa nusu ya daftari lake.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu Dar es Salaam na kuzindua chanjo nchini, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa hali ya dharura imekwisha. Kamba za mizani zilikuwa zimefunguliwa zamani. Lakini soko la zamu kwa vitongoji limebaki katika baadhi ya vyama, kwa sababu mkulima halali tena juu ya robota na karani hafanyi hesabu usiku kwa taa. Wapo wazee wanaolipinga. Wanasema sokoni ndipo walipokuwa wanaonana na marafiki wa vitongoji vingine mara moja kwa mwaka, na sasa hawaonani mpaka msibani. Vyama viwili vimeleta hoja hiyo kwa maandishi, nayo imewekwa katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao.