Kapenguria: Mji Uliochaguliwa kwa Kuwa Mbali

Kila ifikapo Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, jina la Kapenguria hutajwa majukwaani kote nchini Kenya, kisha husahaulika hadi mwaka unaofuata. Katika tarehe hiyo ya mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilimkamata Jomo Kenyatta na viongozi wenzake. Wiki chache baadaye, sita kati yao walikuwa kizuizini katika mji huu mdogo wa Pokot Magharibi, kwenye nyanda za juu zenye baridi kali.

Kabla ya hapo Kapenguria ilikuwa boma la serikali tu. Hapakuwa na reli wala hoteli, na Kitale, mji wa karibu wenye huduma hizo, uko umbali wa takriban kilomita 40. Wilaya nzima ilikuwa eneo lililofungwa: mgeni hakuingia bila kibali. Kwa serikali iliyoogopa umati wa Nairobi, hizo zilikuwa sifa njema.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Sheria ilitaka mtu ashtakiwe alikotenda kosa au alikokamatwa, na hakuna hata mmoja wa wale sita aliyekuwa ametenda lolote Kapenguria. Dawa ikapatikana: Novemba 18 waliletwa, wakaachiliwa huru, wakakamatwa tena papo hapo. Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko wakashtakiwa kwa kuongoza vuguvugu la Mau Mau. Mahakama iliketi katika darasa la shule.

Montagu Slater, aliyechapa kitabu juu ya kesi hiyo mwaka 1955, anaonyesha jinsi umbali huo ulivyoutesa upande wa utetezi. D.N. Pritt, wakili kutoka Uingereza, na wenzake akina Achhroo Kapila na Fitz de Souza walilazimika kulala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Pritt alipowapelekea wabunge wa London simu ya maandishi akilalamika kwamba haki inanyimwa, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Akashinda.

Hukumu ilitoka Aprili 8, 1953: miaka 7 na kazi ngumu. Ndipo ukazuka ubishi ambao kwa kawaida vitabu vya shule huuruka. Hakimu Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii, alikuwa ameteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini. Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Serikali iliyohangaika kutafuta kona ya mbali ilikuwa imesahau kuangalia ramani! Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilikubaliana na utetezi kwamba Thacker hakuwa na mamlaka pale, na kwa muda mfupi kesi yote ikaonekana imebomoka. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikautengua uamuzi huo, na wafungwa wakabaki kifungoni Lokitaung, jangwani Turkana. Oneko alifutiwa hatia baadaye, lakini hakuachiliwa. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikiri kwa kiapo kwamba alidanganya. Aliyefungwa kwa kiapo hicho ni yeye mwenyewe.

Katika kisa chote hiki Wapokot wenyewe hawaonekani. Hakuna hata mmoja wa wale sita aliyetoka kwao. Lukas Pkiech, Mpokot aliyeongoza wafuasi wa dhehebu la Dini ya Msambwa na kuuawa Kolloa, Baringo, mwaka 1950 katika makabiliano na serikali hiyohiyo, hatajwi sana Siku ya Mashujaa.

Uhuru ulikuja, barabara ya kwenda Lodwar, huko Turkana, ikajengwa kwa msaada wa Norway, na mwaka 1993 seli za washtakiwa zikawa makumbusho, yenye pia sehemu ya utamaduni wa Wapokot. Tangu mwaka 2013 mji ni makao makuu ya kaunti. Hata hivyo pesa zimehamia Makutano, jirani, kwenye barabara kuu ambako matatu na malori husimama. Kapenguria imebakiwa na ofisi, hospitali na makumbusho yanayosimamiwa na taasisi ya taifa. Kaunti yenye mji wa jina linalojulikana nchi nzima ingeweza kulitumia kuleta wageni mwaka mzima. Mpaka sasa, msafiri aendaye Lodwar hupita Makutano bila kukata kona.