Gari Lisilo na Nauli

Matatu ilipewa jina na mapeni matatu, nauli ya Nairobi ya miaka ya mwanzo. Daladala ilipewa jina na dala, yaani shilingi tano. Chai maharage, yale magari ya mabenchi ya kutazamana, yalipewa jina na mkao wa abiria wake. Kiswahili kimezoea kulitazama gari la viti vingi kwa jicho la abiria: amelipa kiasi gani, amekaa vipi. Basi likija gari la viti vingi lisilotoza mtu nauli, maneno yote hayo yanakataa kulikaa.

Gari ninalolisema ni lile ambalo Wamarekani huliita konvesheni vani. Ford, Chevrolet au, hapo zamani, Dodge hutoa vani tupu, bati nje na bati ndani. Vani hiyo hupelekwa kwa kampuni ya pili, na nyingi za kampuni hizo zilijikusanya Indiana, jirani na Elkhart, mji ambao ndio kitovu cha utengenezaji wa nyumba za magurudumu Marekani. Huko paa hukatwa, vani ikavishwa jingine la faiba lililoinuka. Hutobolewa madirisha mapana, hufungwa viti vinne vyenye mikono, na nyuma huwekwa kochi linalolala kwa swichi likawa kitanda. Huongezwa mbao za kung'aa, vitaa vya darini na televisheni. Likimalizika, kazi yake ni kuichukua familia Jumamosi asubuhi na kuirudisha Jumapili jioni.

Ford Econoline ya kwanza ilitoka mwaka wa modeli 1961. Katika miaka ya 1970 vijana wa Kimarekani walizichukua vani kama hizo, wakazitandika mazulia ya manyoya marefu hadi ukutani na kuzichora ubavuni. Baadaye wazazi nao wakazipenda, kampuni zikastawi, kisha vani ndogo za Chrysler zikaingia sokoni mwaka wa modeli 1984, na baada yake yakaja magari ya familia ya aina ya SUV, wateja wakahamia huko. Vani za Econoline zenye bodi nzima zilikoma mwaka 2014. Chache bado zinatengenezwa juu ya Chevrolet Express, lakini anayetafuta kwa bei ya mtu wa kawaida atapata ya mtumba.

Tulitafutie jina. Kiingereza kinashika tendo la kugeuza. Kwetu kugeuza ni kwa chapati na kwa nguo iliyovaliwa nje ndani, na kuongoa ni kwa mwenye dhambi. Mimi nachagua kuunda, kitenzi cha mafundi wa jahazi, kwa sababu chombo huundwa ubao kwa ubao na mtu anayejua nani atakipanda. Tena Kiswahili kina kauli ya kutendewa inayofanya kazi yote kwa silabi moja: gari hili limeundiwa mapumziko. Na yule wa Elkhart tusimtafutie istilahi ya kigeni, maana ni fundi bodi. Nairobi wapo mafundi wanaopokea chesisi ya Isuzu wakaipandishia bodi, viti, spika, skrini na michoro, hadi vijana wakaiita nganya. Nganya na konvesheni vani ni ndugu kabisa, kwa taa zao, kwa rangi zao, kwa fahari ya fundi inayoonekana hata kwenye ushonaji wa kiti. Nauli ndiyo iliyowatenganisha.

Wapo watakaosema nyumba ya magurudumu. Hapana, na hapa nasimama imara. Nyumba ya magurudumu ina jiko, ina sinki, mara nyingi ina choo pia. Vani hizi kwa kawaida hazina. Zina pa kukaa, pa kutazama picha, pa kujinyoosha, na pazia la kuvuta jua likizidi. Chumba chenye sifa hizo tunacho tangu zamani: sebule. Na kwa kuwa lugha iliyounganisha gari na moshi ikapata garimoshi haikudhurika, nami nasema gari-sebule. Anayelisikia kwa mara ya kwanza anajua mara moja asitegemee kupika ndani.

Ndani ya gari-sebule maneno yanakuja yenyewe. Vile viti vinne Wamarekani wameviita vya kapteni, wakiazima kutoka melini. Sisi tuna nahodha, neno lililovuka bahari kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni bwana wa chombo, nalo leo liko hata kwenye kitambaa cha mkononi mwa mchezaji mpira. Kiti cha nahodha, basi: kipana, chenye mikono, kwingine chenye kuzunguka kikawatazama walio nyuma. Paa na dari Kiswahili kinavitenga, na mnunuzi anaufaidi utengano huo, kwa sababu paa la faiba huvujia kwenye kiungo chake na bati, lakini doa hutokea darini, pengine mbali na tundu lenyewe. Vijipazia vya vibao vyembamba niviite luva, kama tunavyoziita zile za madirisha ya nyumba. Kile kifuniko cha injini kinachojitokeza katikati ya dereva na abiria wa mbele, ambacho wao wamekipa jina la kibanda cha mbwa, kibaki kifuniko cha injini. Mbwa wa watu hatuna haja naye.

Neno mtumba nalipenda zaidi ya yote hapa. Lilikuwa furushi la mizigo, likawa nguo zilizovaliwa na wengine, likafika kwenye magari, na njiani limebeba kitenzi chake: mtumba huchambuliwa. Mkweche ni tusi, kuukuu ni huzuni, lakini mtumba unampa mnunuzi kazi ya kufanya. Gari-sebule lina waundaji wawili, kwa hiyo huchambuliwa mara mbili. Fungua mlango wa dereva utazame vibandiko: kimoja ni cha kiwanda cha kwanza, kingine cha aliyeunda ndani. Injini, gia na breki ni za wa kwanza, na vipuri vyake viko kila mahali. Mota ya kochi, taa za darini na nyaya zake ni za wa pili, ambaye pengine kampuni yake ilishafungwa. Washa kila swichi ukiwa palepale kwa muuzaji. Laza kochi, liinue. Pitisha mkono kwenye mikunjo ya zulia kutafuta unyevu, na uchungulie kutu juu ya magurudumu ya nyuma, hasa kama gari limeishi kwenye majimbo ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani. Mafuta litakunywa, kwa kuwa mengi yana injini ya silinda 8.

Siku za gari hili nazo zina utata mzuri. Kwa hesabu ya majina yetu Jumamosi ndiyo mosi na Jumapili ndiyo pili, kwa hiyo anayesema mwisho wa juma, kwa haki ya Kiswahili, ametaja Ijumaa. Wikendi ni neno la mkopo, nalo halina ubishi huo. Liachwe.

La mwisho ni urefu. Kiswahili kwa neno hilo moja hupima barabara na mnazi, na muuzaji akikwambia gari ni refu hujui amepima wapi. Uliza kimo. Mlango wa kawaida wa gereji ya nyumba ya Kimarekani una futi 7, na gari-sebule lenye paa la faiba lililoinuliwa hukaribia futi 8 au kuzidi. Pima gereji yako kabla ya kutoa pesa.