Kabureta za Datsun 240Z zilivyobeba dhambi za injini nzima

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu Shekhar Mehta na Lofty Drews walipoishinda Safari Rally ya 1973 kwa Datsun 240Z, wakiwa wamelingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, hadi kanuni ya kuvunja sare ikaamua. Kila tunapoukumbuka ushindi huo, pamoja na ule wa Edgar Herrmann na Hans Schüller wa 1971, tunasimulia matope na vumbi. Hatusemi kwamba mwaka huohuo wa 1973 gari la jina hilohilo lilikuwa likilaaniwa Marekani kwa kukosa sailensa. Likisimama kwenye taa za barabarani wakati wa joto linatetemeka, linamisi, kisha linazima. Lawama yote ikaangukia kabureta, na naona hukumu hiyo ilikuwa nusu ya haki.

Nusu yenye haki ni hii. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1969, injini yake ya silinda 6 na sentimita za ujazo 2,393 ililishwa na kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU, ubunifu wa Uingereza uliozaliwa na ndugu wa ukoo wa Skinner mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani ya kila moja mna pistoni inayopanda kwa kufuata upepo unaovutwa na injini, ikinyanyua sindano iliyochongoka ili tundu la petroli lipanuke. Ni chombo chepesi kukielewa. Kisha sheria za moshi za Marekani zikakaza, na modeli ya 1973 ikapewa kabureta nyingine zenye kifuniko bapa, zenye vipande vingi zaidi na ngumu kurekebisha. Wenye magari walizing'oa na kurudisha zile za zamani. Modeli ya 260Z ilizirithi, na 280Z ya 1975 ikaachana kabisa na kabureta.

Mtu atauliza: kama kuzibadilisha kuliponya, ushahidi gani zaidi unahitajika? Lakini anayebadilisha kabureta hubadilisha pia gasketi, husafisha bomba za petroli, husawazisha upya kabureta zote mbili, na mara nyingi hugusa taimingi hapohapo. Dawa tano zimenywewa kwa pamoja, sifa ikapewa moja. Halafu kuna joto. Kwenye injini hii njia ya kuingiza upepo na njia ya kutolea moshi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa zimekaa juu ya egzosi. Ukizima gari likiwa la moto, petroli iliyomo kwenye bakuli la boya inaweza kuchemka, na hata kabureta za mwanzo zilikaa juu ya moto huohuo.

Ndiyo maana miongozo ya matengenezo hutanguliza mengine: tapeti kwanza, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa, injini ikiwa baridi. Kisha plagi, platini na taimingi. Baada ya hapo hutafutwa mahali injini inapokula upepo wa pembeni: puliza kisafishio cha kabureta kwenye gasketi na kwenye ekseli ya kipepeo iliyolika, mlio ukibadilika, ugonjwa umeonekana. Kusawazisha kabureta huja mwisho, na fundi mwenye sikio hutumia kipande cha mpira tu, akisikiliza mvumo wa kila mdomo hadi yote miwili ivume sawa. Hata mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,700, ambako hewa nyepesi hufanya mchanganyiko uzidi petroli, hutibiwa kwa kuizungusha nati iliyo chini ya kabureta, si kwa kuitupa.

Sikio hilo linapotea, kwa kuwa gereji nyingi sasa zimezoea kuchomeka mashine ya kusoma makosa, nalo gari la 1973 halina pa kuichomeka. Na anayetaka kuirudisha 240Z ya mwaka huo ilivyotoka kiwandani hana budi kuzisaka zile kabureta bapa zilizotupwa jalalani.