Kiwanda cha Bodi za Motakaa huko Cowley

Zamani bodi ya motakaa ilikuwa kazi ya seremala: miti kwanza, kisha mabati. Mwaka 1926 William Morris, pamoja na kampuni ya Budd ya Marekani, alianzisha Pressed Steel huko Cowley, karibu na Oxford, mashini kubwa zikandamize bamba la chuma hata lipate umbo.

Kazi ikaenda mbio. Je, wenye kuifanya? Julai 1934 wakagoma, wake kwa waume, hata wakubwa wakakikubali chama chao.

Karakana za Morris zilibomolewa miaka ya 1990, bali penye Pressed Steel motakaa zaundwa hata leo. Basi twajifunza ya kuwa chuma hukandamizwa, lakini mtu husikilizwa.