Visiwa Visivyo na Bahari

Msomaji wa pwani alisikiapo neno kisiwa hunusa chumvi. Mlola, katika Wilaya ya Lushoto, haina chumvi wala mtumbwi. Hata hivyo msitu wa Shagayu ulio juu yake ni kisiwa kamili. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu 13 zianziazo Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Unyevu wa Bahari ya Hindi uliilinda misitu yake isikauke katika mamilioni ya miaka, wakati nyika ikienea chini. Kinyonga aliyebaki kileleni hakuweza kuvuka joto lile, akawa wa pale tu. Hata ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilifikisha Ujerumani mwaka 1892, na ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya, asili yake ni vivuli vya pande hizi.

Washambaa waliuona mpaka huo kabla ya wataalamu. Shambaai ni juu, kwenye mvua na migomba. Nyika ni chini, kwenye jua na homa. Mbega, mwindaji kutoka Ngulu ambaye habari zake Abdallah bin Hemedi alizisimulia katika Habari za Wakilindi, alipewa utawala baada ya kuwaua nguruwe waliomaliza mazao. Kizazi chake kikatawala kutoka Vuga, na mfalme akawa mtu wa kudaiwa mvua. Nchi ikistawi, amaiponya: kuzifya shi. Ikikauka, ameiharibu: kubana shi. Ni kipimo kikali cha utawala, na pengine serikali chache za leo zingekikubali.

Wajerumani, kisha Waingereza, walitenga misitu na kuwaacha wakulima wabanane kwenye miteremko. Mwaka 1946, katika bonde la Mlalo, jirani ya Mlola, ulianza mpango wa kuzuia mmomonyoko, ukaenezwa Usambara kuanzia 1950. Watu walilazimishwa kulima matuta katika mashamba yaliyokwisha kuwa madogo. Walipinga, na mwishoni mwa muongo huo amri ikaanguka. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli. Lakini anayemwamuru mwenye shamba kuinama, huku ardhi nzuri ikiwa mikononi mwa walowezi, hawezi kuitwa mponya nchi.

Magamba imetangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Kuizunguka misitu hii vijiji vimejaa. Kuni hutafutwa kila siku, na kabichi za Lushoto zipandazo malori kwenda Dar es Salaam hunyweshwa kwa vijito vinavyoanzia chini ya miti hiyo hiyo.