Risasi: Sumu Iliyopimwa kwa Watu Wazima, Wakaumia Watoto

Tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na chanjo. Leo tutazungumza juu ya adui ambaye halii masikioni kama mbu wala hanuki kama maji machafu. Jina lake ni risasi.

Usifikirie bunduki. Risasi ya bunduki ilipata jina hilo kutokana na madini yanayotumiwa kuitengeneza. Risasi ninayoisema ni madini mazito ya kijivu, tena laini, yanayoyeyuka upesi kwenye moto. Wavuvi wetu wa Pwani huiyeyusha kutengeneza chubwi za kuzamisha mishipi. Fundi redio huitumia kulehemu nyaya. Imo ndani ya betri ya gari, na katika betri nyingi za sola. Kwa miaka mingi ilitiwa katika rangi za nyumba na katika petroli.

Je, hatari ya kemikali kama hii hupimwa vipi? Wataalamu huuliza maswali matatu. Kwanza, inadhuru nini mwilini? Pili, ni kiasi gani kinachomfikia mtu, na kwa njia gani? Tatu, mtu huyo ni nani: mwanamume mzima wa kilo 70, au mtoto anayetambaa sakafuni? Historia ya risasi ni historia ya watu waliosahau swali la tatu. Nakuomba uifuate, kwa sababu itakuonyesha kwa nini wewe mama usingoje dalili kwa mtoto ndipo uchukue hatua.

WATOTO WA QUEENSLAND

Kwamba risasi ni sumu si habari mpya. Wafanyakazi wa migodini na wapaka rangi walijulikana tangu zamani kwa maumivu makali ya tumbo na mikono iliyolegea. Lakini ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa kazini, ugonjwa wa baba.

Mwaka 1904, daktari wa macho John Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, aliandika jambo tofauti. Watoto walikuwa wakiletwa hospitalini wakiwa wamepooza viungo na macho yameharibika. Daktari huyo alifuatilia mpaka nyumbani kwao, akakuta chanzo ni rangi yenye risasi iliyopakwa kwenye vizuizi vya baraza. Jua liliikausha rangi ikawa unga. Watoto waliishika wakicheza, kisha wakatia vidole mdomoni. Ni jambo dogo kabisa, ambalo kila mama huliona kila siku.

Mwaka 1922 Queensland ilitunga sheria ya kuzuia rangi hiyo mahali watoto wanapoweza kuifikia. Marekani haikupiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi hadi mwaka 1978. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo katikati, na ni watoto wangapi walitambaa kwenye baraza.

PETROLI NA KAMATI ILIYOWAPIMA MADEREVA

Mwaka 1921, katika maabara ya kampuni ya magari ya General Motors mjini Dayton, Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba kemikali yenye risasi ikichanganywa na petroli, injini huacha kugonga na kupata nguvu. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1924, wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko New Jersey kilichotengeneza kemikali hiyo walianza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Watano walikufa. Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali hiyo mbele yao ili kuonyesha kuwa haina neno. Kumbe mwaka mmoja tu kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amelazimika kupumzika kwa sababu ya sumu ya risasi.

Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano mjini Washington. Daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa miongoni mwa walioonya kwamba risasi isitiwe katika petroli ya taifa zima. Iliundwa kamati kuchunguza. Kamati hiyo ilipima wanaume 252, wakiwa madereva na wafanyakazi wa gereji. Mnamo Januari 1926 ikasema haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, ingawa ilishauri uchunguzi uendelee.

Angalia vizuri, mama. Madereva walipimwa, watu wa gereji walipimwa. Hakuna mtoto aliyepimwa. Hakuna mama mjamzito aliyepimwa. Baada ya hapo, kwa karibu miaka 40, mtaalamu aliyesikilizwa zaidi alikuwa Robert Kehoe, ambaye utafiti wake uligharamiwa na wenye biashara yenyewe. Yeye alifundisha kwamba risasi kidogo mwilini ni jambo la kawaida, na kwamba asiyeonyesha dalili hajadhurika.

MENO YA UTOTO YALITOA USHAHIDI

Aliyetikisa fundisho hilo alikuwa Clair Patterson, mwanasayansi aliyekuwa akipima umri wa dunia kwa kutumia risasi iliyomo katika mawe. Kila alipopima, alikuta risasi ya ziada imeingia maabara kutoka nje: hewani, kwenye vumbi, kwenye nguo. Mwaka 1965 aliandika kwamba risasi iliyojaa katika miili ya watu wa siku hizo haikuwa ya asili hata kidogo. Ilitoka viwandani na katika moshi wa magari.

Kisha akaja Herbert Needleman, daktari wa watoto. Kwetu mtoto akitoka jino la utoto hulitupa juu ya paa akaomba jipya. Needleman aliomba apewe. Alikusanya meno ya watoto zaidi ya 2,000 wa miji miwili karibu na Boston, kwa sababu risasi hujificha katika mifupa na meno kwa miaka. Mwaka 1979 alichapisha matokeo. Watoto wenye risasi nyingi menoni walipata alama za chini katika vipimo vya akili. Walimu wao, bila kujua nani ana risasi nyingi, waliwaeleza kuwa hawatulii na hawafuati maelekezo. Watoto hawa hawakuwa wagonjwa. Hawakulazwa. Walionekana wazima, ila akili yao ilikuwa imepunguzwa kimya kimya.

Marekani ilipoanza kupunguza risasi katika petroli, risasi katika damu ya watu ilishuka kwa zaidi ya theluthi kati ya mwaka 1976 na 1980. Kipimo kilichokuwa kikibishaniwa kwa miaka 50 kilijionyesha chenyewe: ondoa sumu, damu inasafika.

KIPIMO KILICHOSHUKA KILA MARA

Risasi katika damu hupimwa kwa maikrogramu kwa desilita. Chukua gramu moja ya chumvi, igawe mara milioni moja: hiyo ndiyo maikrogramu. Desilita ni mililita 100, kama nusu kikombe cha chai.

Katika miaka ya 1960 huko Marekani, mtoto hakuhesabiwa kuwa na tatizo mpaka afikishe maikrogramu 60. Mwaka 1971 wakasema 40. Mwaka 1985 wakasema 25. Mwaka 1991 wakasema 10. Mwaka 2012 wakasema 5. Mwaka 2021 wakasema 3.5. Watoto hawakubadilika kuwa dhaifu. Ni macho ya wapimaji yaliyofunguka. Kila walipochunguza watoto kwa makini zaidi, waliona madhara chini ya kile walichokiita salama jana. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi: hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

KWETU AFRIKA

Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuachana na petroli yenye risasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, lilisimamia kazi hiyo, na kufikia Januari 2006 Kenya na jirani zake walikuwa wameiacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Kutoka maabara ya Dayton hadi siku hiyo ni miaka 100.

Lakini risasi haikuondoka. Ilihama tu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Moshi ulishuka juu ya mabati, maji yakatiririka kati ya nyumba. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa huko, na mtoto wake mchanga akaugua. Vipimo vya malaria na taifodi havikuonyesha kitu. Mwishowe damu ilipimwa risasi, ikaonekana. Mama huyo alianza kuuliza watoto wa majirani nao wana nini. Hakunyamaza, ingawa alikamatwa na kushambuliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipinduliwa kwa sehemu katika rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo.

Hapa pia kipimo kilikuja baada ya watoto kuumia. Ndiyo maana nasema tusingoje.

KWA NINI MTOTO HUUMIA ZAIDI

Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho. Ubongo wake bado unajengwa. Anatambaa, anashika, anatia mdomoni. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisi, hufyonza zaidi. Mama mjamzito aliyewahi kumeza risasi zamani huwa nayo mifupani, na wakati wa mimba hutoka ikamfikia mtoto tumboni.

Kliniki tunapima uzito na urefu, lakini mizani haionyeshi risasi. Mara nyingi hakuna dalili yoyote. Ikizidi, mtoto huumwa tumbo, hufunga choo, hutapika, hukosa hamu ya kula, hupungukiwa na damu, au huwa mkali bila sababu. Ikizidi sana huja degedege na kupoteza fahamu. Hiyo ni dharura: kimbia hospitali.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Kikulacho ki nguoni mwako. Baba akifanya kazi ya betri, gereji, kulehemu au kukwangua rangi, aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za mtoto.

2. Betri zisivunjwe wala chubwi zisiyeyushwe uani au jikoni. Kasha la betri lisitumiwe kuweka maji wala kupandia mboga.

3. Rangi kuukuu inayobambuka isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto na wajawazito wakae mbali. Ukinunua rangi, uliza isiyo na risasi.

4. Usimpake mtoto wanja machoni. Baadhi ya wanja hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi.

5. Mama mjamzito, jihadhari na udongo na mawe ya kula. Mengine yamekutwa na risasi. Ukiona hamu imezidi, mwambie muuguzi, huenda umepungukiwa na damu.

6. Nawisha mtoto mikono kabla ya kula na kabla ya kulala. Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kavu hurusha vumbi.

7. Mpe mtoto omena, maharagwe, ndengu, mboga za majani na maziwa. Chakula hiki hupunguza ufyonzaji. Lakini maziwa hayaondoi risasi iliyokwisha ingia, wala kuchemsha maji hakuiondoi.

8. Usiache kunyonyesha kwa hofu. Kama unaishi au unafanya kazi karibu na risasi, ongea kwanza na mhudumu wa afya.

Ukiwa na shaka, nenda kituo cha afya, na umweleze mhudumu kazi ya baba na kilicho jirani na nyumba yako. Usiseme "ana homa" tu. Maelezo yako ndiyo yatakayomfanya afikirie risasi na kukuelekeza hospitali kubwa damu ipimwe. Tiba ya kwanza ni kumwondoa mtoto penye sumu. Dawa ya kuitoa mwilini ipo kwa watoto wenye kiwango cha juu, na hutolewa hospitalini, lakini haiwezi kurudisha akili iliyokwisha potea.

Na kama jirani yenu kunajengwa kiwanda au karakana ya betri, nendeni baraza la chifu mkaulize yale maswali matatu. Inadhuru nini? Itatufikia vipi? Na je, mmewahesabu watoto wetu? Msiridhike mkiambiwa kwamba hakuna aliyeugua bado. Historia imeonyesha neno "bado" lina gharama gani, na ni nani huilipa.