Sarafu ndani ya plastiki: usivunje kwanza

Ukipata sarafu ya zamani imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, litikise kidogo. Ikilia kama karanga ndani ya kopo, pengine ni kasha la kwanza la PCGS, kampuni ya Marekani iliyoanza kukagua sarafu mwaka wa 1986. Hilo ni dogo, halina ukingo wa kulipanga juu ya lingine. NGC ilifuata 1987, na makasha yake ya kwanza, meusi ndani, ni adimu sana. Kuna wanunuzi wanaolipa kasha kuliko sarafu yenyewe! Basi ndugu, usilivunje eti unasafisha sarafu. Lakini ya bandia pia iko: numero ya kwenye kikaratasi itafutwe kwa intaneti ya kampuni, na sarafu iwe ile ile iliyoandikwa pale.